Staili za Mama Kadi

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kazi yangu ya usanifu, kwa miaka mingi nilikuwa najibu kwamba nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video. Ni uongo. Nilifundishwa na mwanamke mmoja wa Kariakoo, ndani ya chumba cha steshenari chenye upana wa hatua nne, na mtaa mzima walimwita Mama Kadi kwa sababu ya kadi za harusi alizotengeneza. Jina lake halisi nalijua, lilikuwa kwenye leseni iliyobandikwa ukutani, lakini silitaji hapa. Nilishalichafua mara moja, inatosha.

Alizaliwa wapi, na kwa nani, sikumuuliza na yeye hakusema. Ninachokijua ni cha dukani. Alikuwa mrefu, mwembamba, anavaa baibui iliyopauka mabegani, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mweusi upande wa kulia kwa sababu mkono wa miwani ulivunjika. Fundi miwani alikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu. Katika miaka miwili niliyokaa naye hakupata nafasi ya kwenda. Mkoba wake ulikuwa umejaa funguo ambazo hakukumbuka ni za wapi, vipande vya karatasi, tende zilizogandana. Simu ikiita alikuwa anauliza "nani mwenzangu" hata kama ni dada yake, maana hakuwahi kuhifadhi jina la mtu. Lakini ukikaa kwenye kompyuta yake ukaacha nafasi moja ya ziada kati ya maneno mawili, ataiona akiwa amesimama mlangoni anaongea na muuza kahawa.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, upande wa Msimbazi. Chini yetu walikuwa wauza vitenge, na kutwa nzima tulisikia wabeba mizigo wakiomba njia. Niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na nne, nimetoka Masasi na cheti cha kompyuta cha miezi sita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniambia niandike jina langu kwenye ukurasa mtupu, nilipambe nitakavyo. Nikaliandika, nikalikuza, nikalikoleza, nikalipaka rangi nyekundu.

"Sasa ukitaka majina mia yafanane na hilo?"

"Nitayafanya moja moja, mama."

"Kaa hapo," akasema. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Somo la kwanza nililipata kwenye kijitabu cha harusi, kurasa kumi na mbili: ratiba, majina ya kamati, shukrani za wazazi. Rangi ya sherehe ilikuwa damu ya mzee. Nilishinda asubuhi nzima napaka kila kichwa cha habari kwa mkono, na nilikuwa najisifu moyoni. Mchana akaja shangazi wa bibi harusi, anahema kwa ngazi, akasema kitambaa cha damu ya mzee kimeisha madukani, kamati imehamia bluu. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza upya. Mama Kadi akaenda kuswali alasiri, akarudi, akanikuta ukurasa wa saba.

"Nipishe kidogo."

Kumbe asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda kuchukua chai, alikuwa ametengeneza kijitabu kile kile kwa njia yake. Akakifungua. Pembeni ya kioo cha kompyuta kulikuwa na orodha fupi ya majina. Akabonyeza jina moja, akabadilisha rangi mara moja tu, na vichwa vyote vya kurasa kumi na mbili vikageuka bluu kwa pamoja.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Rangi imebadilika."

"Hujaona bado. Rudia kunitazama."

Hizo ndizo staili. Unachukua aina ya herufi, ukubwa wake, rangi yake, nafasi kati ya mstari na mstari, unavifunga pamoja na kuvipa jina, kisha unayaambia maneno yako yafuate jina hilo. Siku ukibadilisha kilichofungwa ndani ya jina, maneno yote yaliyo chini yake yanabadilika. Kila mwenye kazi hii anajua. Lakini kujua kwamba zipo ni jambo moja, na kuzipanga vizuri ni jambo lingine, na sijaona mtu aliyezipanga kama yeye.

Kwanza, hakukubali staili iitwe kwa sura yake. Nilitengeneza moja nikaiita Nyekundu Kubwa. Akaniuliza itaitwaje siku ikiwa ya kijani na ndogo. Za kwake ziliitwa kwa kazi zake: Jina la Bibi Harusi, Wazazi, Mahali na Saa, Karibuni. Alikuwa na faili moja lenye staili zaidi ya sitini, kazi ya miaka, na kila mteja alikuwa na seti yake humo ndani.

Kompyuta aliijua akiwa amepita miaka arobaini. Kabla ya hapo alikuwa akipanga herufi za chuma kwenye kiwanda cha uchapaji, na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na makovu. Alijifundisha kwa daftari. Alinakili kila neno la Kiingereza lililokuwa kwenye kioo, mbele yake akaandika maana aliyoona inafaa, na mara nyingi maana zake zilikuwa nzuri kuliko za kamusi. Kwa mfano, mtu akishika maneno yenye staili akayabadilisha kwa mkono, programu huweka alama ndogo ya kujumlisha pembeni ya jina la staili. Hali hiyo Mama Kadi aliipa jina la ukaidi. Alikuwa anafungua kazi yangu, anaona ile alama, anauliza kwa upole kabisa, "Nani ameleta ukaidi hapa?" Tulikuwa wawili tu dukani.

Kuna siku alikuja baba mmoja wa kwetu kusini, amefiwa na mkewe, anataka kijitabu cha ibada ya mazishi. Ili niwahi, nikafungua faili la harusi nianzie hapo, kwa sababu mpangilio unafanana. Mama Kadi akautoa mkono wangu kwenye kipanya. Akanieleza kwamba staili zina mzazi na mtoto, mtoto hurithi kila badiliko la mzazi, na ukianzisha za msiba juu ya za harusi, siku moja mtu atamgusa mzazi bila kufikiri, na jina la marehemu litatoka kwa rangi ya dhahabu. Akaanza upya kutoka ukurasa mtupu. Yeye ni Mwislamu, lakini alimuuliza yule baba nyimbo zipi zitaimbwa na wapi waumini watasimama, na akaacha nafasi pana kati ya beti. "Watu watakuwa wanalia," akaniambia. "Wasihangaike kutafuta mstari."

Kwa wateja alikuwa mgumu. Akija mtu na herufi za aina sita anazozitaka kwenye kadi moja, alikuwa anamwambia achague mbili au aende jengo la pili. Wengine walikwenda. Lakini alipokuja mama mmoja mkaanga samaki wa soko la Feri, anataka bango dogo la meza yake, na anataka herufi za mviringo za waridi zenye kivuli, nilitegemea atafukuzwa. Mama Kadi akamkalisha, akampa chai, wakatumia nusu siku kwenye maneno mawili. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alijibu kwamba yule ndiye mteja pekee wa wiki ile aliyejua anachokitaka.

Na hakuwa mtu wa kusifu. Neno lake la juu kabisa lilikuwa "inafaa." Siku moja alinigombeza mbele ya wateja watano kwa sababu ya mstari uliopanda juu kiasi cha unene wa kucha. Nililia chooni. Hakuomba radhi. Kesho yake nilikuta vitumbua vinne vimefunikwa kwenye kiti changu, naye hakuvizungumzia. Ninasimulia hili kwa sababu ndilo nililokuja kulitumia kama kisingizio. Nilijiambia huyu mama hajawahi kunithamini, amenichukulia kama mashine yake ya pili. Nilivila vile vitumbua vyote, lakini kwenye kisingizio changu sikuvihesabu.

Mwisho wa mwaka wa pili nilipata kazi kwenye ofisi moja ya matangazo Upanga. Ofisi yenye kiyoyozi, na mkurugenzi anayeongea na simu mbili. Nilimuaga Mama Kadi vizuri. Siku yangu ya mwisho, yeye akiwa ndani anaswali adhuhuri, nilichomeka flashi nikalinakili faili la staili sitini na kitu. Sikuwa na sababu maalumu. Nilijiambia ni kumbukumbu.

Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa umoja wa kina mama wauza vitenge. Vitambulisho vyao, kalenda, mialiko, kijitabu cha mkutano wa mwaka, vyote alivitengeneza yeye, na ukiona karatasi yao kwa mbali ulijua ni ya kwao. Miezi mitano baada ya mimi kuhama, mkurugenzi wetu akaamua kuutafuta umoja ule. Akaniuliza kama nawajua. Nikasema nawajua. Akaniambia niandae mfano wa kuwaonyesha, nina siku mbili.

Nilifungua faili la Mama Kadi. Nikachukua seti ya umoja, nikabadilisha rangi mbili, nikabadilisha majina ya staili ili yasionekane ni yake. Ilinichukua muda mfupi sana. Kwa kuwa alizipanga vizuri, zilikuwa rahisi kuiba.

Mkurugenzi akafurahi. Kina mama wa umoja nao wakafurahi, ila mmoja wao akasema vinafanana na vya Mama Kadi. Mkurugenzi akajibu bila kunitazama kwamba msanifu wake aliwahi kufanya kazi pale, bila shaka yeye ndiye aliyevitengeneza tangu mwanzo. Mwenyekiti wa umoja alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuamua kwa kusikia upande mmoja. Akaitisha kikao ukumbini kwao, akamwita na Mama Kadi.

Alikuja na kompyuta yake ndani ya kikapu cha ukili. Niliiona. Alikaa kiti cha mbele yangu, na nilipomwamkia aliitikia kama kawaida, akaniuliza Masasi hawajambo. Kulikuwa na kina mama kama kumi na watano. Mwenyekiti akasema hana haja ya maneno mengi, akanigeukia.

"Binti, hizi staili alizitengeneza nani?"

Ningeweza kusema ni Mama Kadi, nami ndiye niliyekuwa nikimsaidia. Kazi yangu ya Upanga pengine ingekwisha, pengine isingekwisha. Nikasema, "Mimi."

Halafu, kwa sababu ukumbi ulikaa kimya na niliogopa kile kimya, nikaongeza: "Mama alikuwa anapokea wateja. Kwenye kompyuta nilikuwa nakaa mimi."

Nilijua wataniamini. Walimwona mama wa makamo, miwani imefungwa uzi, na msichana mwenye kucha safi. Niliona vichwa vikitikisika kwa kukubali. Mama mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ya chini, "Kumbe miaka yote hii anakula jasho la wasichana."

Mama Kadi hakugeuka. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema. Aliweka mkono juu ya kikapu, akauacha pale kwa muda, nami nikasubiri aitoe ile kompyuta. Faili lake lilikuwa na kazi za miaka tisa kabla mimi sijaja Dar. Kubonyeza mara mbili tu, ningekwisha.

"Mmemuuliza, amejibu," akasema. Akasimama, akaning'iniza kikapu begani, akawaaga kwa salamu kila mmoja, mimi nikiwemo, akaondoka.

Tulipewa kazi. Nilipandishwa cheo. Mara mbili tatu nilimwona mtaani kwa mbali, na mara zote nilivuka upande wa pili.

Miaka saba ikapita hivyo. Mwaka jana ofisi iliniletea vijana watatu niwafundishe. Nikawa nawaeleza jinsi ya kuzipa staili majina, na mmoja, dada mpole anayependa kuandika kila kitu, akaniuliza, "Dada, haya umejifunza wapi? Mbona hayapo kwenye vitabu?" Nikafungua mdomo nimpe jibu langu la siku zote, na nikalitoa, nikamwona anaandika kwenye daftari lake kwamba nilijifunza mwenyewe. Nililiangalia lile daftari. Siku iliyofuata niliandika barua kwa mwenyekiti wa umoja, na kabla ya kuipeleka, nikaenda kumtafuta Mama Kadi.

Kile chumba cha ghorofani kilikuwa duka la vipodozi. Nilimpata chini, kwenye jengo lile lile, nafasi ya chini ya ngazi: meza moja yenye kompyuta, mashine ya fotokopi, ubao ulioandikwa picha za pasipoti. Miwani ilikuwa mpya. Alikuwa amepungua mwili. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, akaniangalia, akavuta stuli kwa mguu ili nikae.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikapotea. Nikamuuliza tu kile kilichonikaa miaka yote: kwa nini siku ile hakufungua kompyuta.

Akawa anapanga karatasi kwenye trei ya mashine.

"Mikono ilikuwa inatetemeka," akasema. "Nilipoisikia sauti yako inasema vile, ilianza kutetemeka, sikuweza kuizuia. Nikaona nikiitoa kompyuta pale mezani nitabonyeza vibaya mbele yao. Watasema ni kweli, hajui."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Nilikuwa nimejitungia kwamba alininyamazia kwa huruma, kwamba alitaka kunilinda. Lilikuwa wazo lililonisaidia kulala.

Nikatoa barua nikampa. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Akachukua kalamu.

"Hapa umeandika, 'kulijitokeza hali ya kutoelewana kuhusu chimbuko la kazi.' Nani alijitokeza?"

Kalamu yake ikashuka mistari miwili.

"Na hapa. 'Maneno yalisemwa ambayo hayakuwa sahihi.' Yalisemwa na nani?"

"Na mimi."

"Mbona wewe hupo kwenye barua?" Hakuwa na hasira. Akaivuta kibodi mbele yangu. "Andika upya."

Nikaandika pale pale, watu wakipita na kuinamia meza kuuliza fotokopi, naye akiwahudumia juu ya kichwa changu. Niliandika: Niliiba faili la Mama Kadi. Nilipoulizwa mbele yenu nilidanganya. Staili zote ni kazi yake, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mara tatu nilifuta neno "nilidanganya" nikatafuta neno laini zaidi, na mara tatu nikalirudisha. Akaichapa, akanikabidhi.

"Mama, nisamehe."

"Kapeleke," akasema.

Mwenyekiti siku hizi anatembelea mkongojo. Aliisoma barua akiwa amesimama kwenye mlango wa duka lake, akaisoma mara ya pili. Hakunikaribisha ndani.

"Sisi tulimtukana yule mama," akasema. "Alikuwa akipita hapa tukawa tunamcheka. Kwa sababu yako." Akaikunja barua. "Nitaisoma kikaoni. Jina lako nalo nitalisoma."

Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Ofisini nilimweleza mkurugenzi mwenyewe kabla hajasikia. Alichoniuliza ni kama mteja atadai chochote. Wale vijana watatu nao niliwaeleza, na yule dada mpole aliandika kimya, bila kuniangalia.

Nilirudi kwa Mama Kadi jioni ya siku ile ile ya barua. Alikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka kutoa nakala za vyeti. Nikasubiri pembeni mpaka akaniona.

"Ulimpa mkononi?"

"Nilimpa mkononi."

"Akaisoma mbele yako?"

"Aliisoma. Mara mbili."

"Haya," akasema, akapokea cheti cha aliyekuwa mbele, akakilaza kwenye kioo, akanyoosha kona zake kwa vidole. Nilibaki nimesimama, nikisubiri aseme lingine. Mashine ikamulika, karatasi ikatoka. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega, akaniuliza kama nipo kwenye foleni. Nikamwambia hapana, nikampisha.